Wasemao Ajali Haina Kinga

Kila mara gari linapopinduka barabarani na roho za watu zikapotea, hapakosi mtu wa kusema, tena kwa sauti ya upole iliyojaa busara, ya kwamba ajali haina kinga. Wasikiao hutikisa vichwa. Maiti huzikwa, mabaki ya gari huvutwa kando ya njia, na kabla ya arobaini kwisha dereva mwingine apita mahali pale pale na tairi lililopungukiwa na upepo. Mimi nasema, msomaji wangu, ya kuwa maneno hayo matatu yamesaidia kuua watu katika nchi yetu, na insha hii nimeiandika kuyapinga.

Sina ugomvi na wahenga. Neno ajali tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani ile saa ya kufa ambayo kila kiumbe ameandikiwa. Aliyesema kwanza kwamba ajali haina kinga alikuwa akisema kwamba mauti hayazuiliki, na nani awezaye kubisha? Lakini leo twaita ajali kitu kingine kabisa: basi kutumbukia mtoni, lori kuacha njia, gari kuparamia gari. Neno limehama nyumba, na methali imelifuata huko bila kuulizwa kama ina haki ya kukaa. Kwamba sote tutakufa siku moja ni kweli. Kwamba abiria kumi na wanne wafe Jumamosi moja alasiri karibu na Mtito Andei kwa sababu mtu mmoja alikataa kuinama dakika tano na kipimo mkononi, hilo si andiko la mtu ye yote.

Magazeti nayo yana lawama yake. Soma habari za barabarani, utaikuta sentensi moja izungukayo kama ngamia wa kinu: dereva alishindwa kulimudu gari baada ya tairi kupasuka. Ninyi mnaojifunza sarufi, kitazameni kitenzi hicho. Twasema mtu amepasua kuni, kwa kuwa yuko mwenye shoka. Twasema mtungi umepasuka, na kauli hiyo haimtaji mtendaji. Mtungi ni kama uliamka asubuhi ukakata shauri kujipasukia. Ni kauli nzuri mno kwa atakaye kujificha. Mtoto aliyevunja kikombe haendi kwa mama yake akasema, “Nimevunja kikombe.” Husema, “Mama, kikombe kimevunjika.” Mama hadanganyiki. Sisi watu wazima twadanganyika kila juma. Natamani mwandishi mmoja tu athubutu kuandika kwamba tairi lilipasuliwa, kisha aulize, na nani?

Basi na tuulize sisi. Wengi hudhani kwamba gari hubebwa na mpira. Sivyo. Gari hubebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira. Mpira ni mfuko tu. Robert William Thomson, Mskoti, alipewa hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini ulimwengu haukumjali. Ilikuwa mpaka 1888, ambapo John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hataza yake baada ya kujaribu mipira ya upepo katika baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Tangu siku hizo vitambaa na chuma vya tairi vimebadilika sana. Kazi ya upepo haikubadilika hata kidogo.

Chukua kalamu. Gari dogo lina uzito wa kilo 1,200. Kila gurudumu lachukua kama kilo 300, ambazo ni karibu pauni 660. Vipimo vya upepo tulivyozoea hapa Kenya huhesabu pauni kwa kila inchi ya mraba. Tairi likiwa na pauni 33, gawanya 660 kwa 33, nawe utapata inchi 20 za mraba: hicho, kwa kukadiria, ndicho kipande cha mpira kinachogusa ardhi, nacho si kikubwa sana kuliko kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne vya namna hiyo ndivyo vinavyoishikilia jamaa nzima iendayo arusini. Sasa upepo ushuke hata pauni 22. Uzito wa gari haukupungua. Kwa hiyo kipande hicho sharti kipanuke hata kukaribia inchi 30, na hakiwezi kupanuka ila tairi lilale na mbavu zake zikunjike.

Hatari imo katika kukunjika huko. Mzunguko wa tairi dogo ni kama meta 2. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, tairi huzunguka mara 40,000 katika saa moja, yaani mara 11 kwa kila sekunde, na kwa kila mzunguko kila sehemu ya ubavu hukunjwa inapofika chini na kunyoshwa inapoinuka. Twaa kipande cha waya, ukikunje na kukinyosha upesi upesi mara ishirini, kisha kiguse pale kilipokunjwa. Utakuta kina moto, na ukiendelea kitakatika mkononi mwako. Ndani ya tairi mna nyuzi na mikanda ya chuma iliyoshikamanishwa na mpira. Joto likizidi, mpira huachana na chuma. Uso wa tairi hubanduka kama gome la mti, au ubavu hufumuka kwa mshindo. Dereva asikia mlio, kisha asimulia kwamba lilipasuka ghafula. Ghafula ipi? Tairi lile lilianza kupasuka siku upepo wake ulipopungua, pengine kilometa 500 nyuma, nalo likaifanya kazi hiyo kimya kimya hata likaimaliza.

Wala si lazima msumari. Tairi lililo zima kabisa hupoteza karibu pauni 1 kila mwezi kwa kupenya tu. Mtu aliyepima mwezi wa Aprili akangoja hadi Desemba, wakati watu wote wanapokwenda makwao na mizigo juu ya paa, amepoteza pauni kama 8 bila kuona tundu lo lote.

Hapo ndipo atokeapo bingwa wa uwanja wa mabasi, mpimaji wa kwa mguu. Mmemwona. Azunguka gari lake, alipiga kila tairi teke moja, asikiliza kama mganga, kisha atikisa kichwa kwa kuridhika. Siku moja nilimwuliza dereva wa namna hiyo, kabla sijapanda, matairi yake yana pauni ngapi.

“Mwalimu,” akanijibu kwa adabu, “gari hili nalijua kuliko ninavyojijua.”

“Sawa, ndugu yangu. Pauni ngapi?”

“Za kutosha.”

Katika darasa langu “za kutosha” si jibu la hesabu. Tairi la siku hizi, lile ambalo nyuzi zake hupita kutoka ukingo hadi ukingo, huvimba kidogo chini hata likiwa na upepo kamili, hivyo jicho haliwezi kutofautisha lililo sawa na lililopungukiwa kwa pauni 8 au 10. Mguu haujui zaidi ya jicho. Na kwa basi na lori jambo ni baya zaidi, kwa sababu nyuma magurudumu yamepangwa mawili mawili. La ndani halionekani wala halifikiwi na teke. Likiisha upepo, mwenzake wa nje hubeba mzigo wa wote wawili, naye husimama imara mbele ya bingwa wetu, amepigwa teke, amesifiwa, na anakwenda kufa.

Lakini mpiga teke ni mjinga tu, na ujinga hufundishika. Nina uchungu zaidi na yule ajionaye mjuzi. Huyu husimama Mtito Andei saa saba za mchana, kati ya Nairobi na Mombasa, jua limewaka, ayagusa matairi na kuyakuta ya moto. Asema upepo umezidi kwa joto, utapasua tairi. Basi aubonyeza ule mdomo wa tairi na kuutoa upepo kidogo, na abiria humshangilia kwa elimu yake. Angalia afanyalo. Ni kweli upepo uliofungiwa ukipata joto husukuma zaidi. Fizikia ya kidato cha pili yatosha kulieleza hilo. Tairi lililoanza asubuhi na pauni 35 laweza kusoma 39 au 40 baada ya mwendo mrefu. Lakini waliotengeneza gari walijua hayo kabla yake. Kipimo walichokiandika ni cha tairi baridi, gari likiwa limepumzika saa tatu au zaidi, nao walikwisha kuacha nafasi ya hilo joto. Aliyetoa pauni 5 mchana ataamka Mombasa na tairi lenye pauni 30 badala ya 35. Zaidi ya hayo, tairi lenye upepo mdogo hukunjika zaidi, na likikunjika zaidi hupata moto zaidi. Kwa hiyo kesho atalikuta la moto kuliko leo, naye ataupunguza tena. Huo ndio mviringo wake, na abiria wanamshangilia.

Kosa la kinyume nalo lipo, nitalipitia kwa haraka. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba, mathalani 44 au 51. Wengi huiona hiyo wakadhani ndiyo amri, wakajaza hadi hapo. Namba hiyo ni mpaka wa juu wa tairi lenyewe, haijui limefungwa katika gari gani. Tairi lililojazwa kupita kiasi husimama kwa tumbo lake la katikati, huishika njia kidogo, na huruka ruka penye mashimo. Na mvua ikinyesha, matairi yote mawili, la upepo haba na la upepo mno, hukusaliti, kila moja kwa namna yake.

Amri yenyewe imeandikwa mahali pengine. Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo yake; hapo aghalabu pana kibandiko. Mengi ya magari tunayoyaendesha yalitumika kwanza Japani ndipo yakaletwa Mombasa, kwa maana sheria yetu imeruhusu gari kukuu liingizwe mradi halikuzidi miaka minane. Basi kibandiko chake kimeandikwa Kijapani, na mwenye gari hukitazama kama atazamavyo hirizi. Nawaambia, tarakimu za Kijapani katika kibandiko hicho ni hizi hizi zetu. Ukiona 220 au 230, hizo ni kilopaskali. Gawanya kwa 6.9. Mia mbili na ishirini yatoa karibu 32; mia mbili na thelathini yatoa zaidi kidogo ya 33. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kumfanyia baba yake hesabu hiyo, akamwandikia jibu kwenye kipande cha karatasi kikaa ndani ya gari miaka yote.

Watakuja wengine waseme kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba nchi kubwa hazijishughulishi nayo. Naam? Mwezi wa Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyaita yarudi matairi milioni 6.5 huko Marekani. Mengi yalikuwa yamefungwa katika gari moja maarufu la Ford, liitwalo Explorer. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka katika mwendo wa kasi, hasa katika majimbo ya joto, na gari lile refu likipinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilizidi 200. Yako makosa yaliyopatikana katika tairi lenyewe, sitaki kuyaficha. Lakini jambo lililozua ugomvi mkali kati ya kampuni hizo mbili lilikuwa upepo: Ford alikuwa amewaambia wanunuzi watie pauni 26, na Firestone akasema zitiwe 30. Pauni 4! Kwa ajili ya pauni 4 wakuu wa makampuni waliitwa kuhojiwa na Bunge la nchi ile. Mwaka huo huo sheria mpya ikatungwa, na kwa sababu yake magari madogo yote mapya yauzwayo Marekani tangu mwisho wa 2007 ni lazima yawe na chombo kinachowasha taa mbele ya dereva upepo ukipungua kwa robo.

Hawakusema ajali haina kinga. Walizika wafu wao, kisha wakauliza maswali.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba Marekani ni matajiri. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ningedai kila matatu iwe na chombo kile chenye taa. Sidai. Nadai kipimo cha mkono, kitu kidogo kama kalamu, ambacho bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya tairi moja jipya. Na upepo wenyewe hupatikana katika vituo vya petroli kwa bure au kwa shilingi chache. Tena mwenye kupuuza kipimo kwa kuhofia gharama hajui kuhesabu, maana tairi lenye upepo haba huliwa upesi kwenye mabega yake na gari hulazimika kunywa petroli zaidi. Huyu alipa kila siku kwa kutolipa mara moja.

Pengine nitaambiwa nisiwaonee madereva. Hapo nakubali nusu. Dereva wa matatu ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na dakika akiinama na kipimo ni dakika asiyobeba abiria. Mwenye gari amekaa nyumbani akingoja fedha, hajui tairi zake zina miaka mingapi. Ndiyo maana sheria haikumtazama dereva peke yake. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, kifungu cha 55, yataka gari na vyombo vyake vyote, na matairi yametajwa kwa jina lake, vitunzwe wakati wote katika hali isiyoweza kuwahatarisha waliomo ndani wala wengine barabarani. Twakumbuka mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria kumi na wanne na si zaidi. Siku zile pia walikuwako waliosema haiwezekani. Iliwezekana, na kila mtu aliona kwa macho yake. Kilichokuja kulegea baadaye ni mikono yetu, si sheria.

Sisemi kwamba matairi ndiyo yanayoua watu wote. Katika miaka ya 2021, 2022 na 2023 barabara za Kenya zilichukua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote kati yao lilikuwa watu waendao kwa miguu. Mwendo wa kasi, ulevi na usingizi vina sehemu yao kubwa. Lakini mlevi hupingwa na watu wote, na mwenye kasi hukamatwa na askari mwenye mashine. Tairi halina adui. Limeachiwa methali.

Sasa nakugeukia wewe usomaye kitabu hiki darasani, kwa maana una jambo lako katika shauri hili. Muhula huu au ujao utapakiwa katika basi kwenda michezoni, au mashindano ya muziki, au ya drama. Mtaimba njia nzima. Hamtaketi mahali penu tu, mtasongamana, na vyombo na magunia yatawekwa nyuma, juu ya yale magurudumu mawili mawili niliyoyataja. Huna leseni wala usukani. Lakini una ulimi uliofundishwa adabu, nao hukuruhusu kumwuliza mzee wako dereva, “Shikamoo, mzee. Leo asubuhi tulipima upepo?” Mtu mwema hatakasirika. Akikasirika, mwalimu aliyefuatana nanyi na asikie vilevile, kwa kuwa yeye ndiye atakayewajibu wazazi wenu.

Na ukiwa mkubwa, ukashika usukani mwenyewe, kisha tairi la mbele likafumuka mbele ya macho yako, kumbuka kwamba gari litavutwa upande wa tairi hilo. Shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki kwa hofu, inua mguu polepole kwenye mafuta uliache gari lipoteze mwendo lenyewe, ndipo utoke njiani. Wengi huuawa na breki ile ya hofu baada ya kuponea tairi.

Kwa leo lakini anzia karibu. Kesho asubuhi, kabla basi la shule yenu halijatoka na matairi yake yangali baridi, nenda ukaulize laandikwa wapi daftari la upepo. Ukiambiwa hapana daftari, omba ruhusa uchore moja: tarehe, gurudumu, kipimo kilichokutwa, kipimo kilichoachwa, sahihi ya aliyepima. Basi lenye magurudumu sita litahitaji mistari sita kila juma, na ule wa saba kwa tairi la akiba, ambalo aghalabu ndilo bovu kuliko yote.